Zune yangu haipokei nyimbo kutoka kwenye kompyuta

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba wangu aliyekaa Marekani amenipa mashine yake ya zamani ya kusikilizia muziki, Microsoft Zune ya 30GB, rangi ya kahawia. Inawaka na sauti yake ni safi sana. Tatizo, nikiichomeka kwenye kompyuta haionekani kama flashi, kwa hiyo siwezi kuiwekea nyimbo zangu za MP3. Mjomba anasema ilitengenezwa ili iing'oe iPod, mashine ya muziki ya Apple, na kwamba mwisho wa mwaka 2008 iliganda yenyewe, kesho yake ikapona. Nifanyeje? Na kama ni nzuri hivi, ilishindwaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Ondoa wasiwasi, mashine yako ni nzima. Zune haikuundwa ionekane kama flashi. Ukiichomeka, inaiuliza kompyuta maswali ya siri, na isipopata majibu inakataa kupokea hata wimbo mmoja. Majibu hayo inayo programu ya Zune. Hata Windows Media Player, programu ya kupiga muziki ya Microsoft haohao, haikupewa. Njia nyepesi ni kutafuta kompyuta yenye Windows 7, maana bado zipo maofisini na majumbani, uweke programu ya Zune toleo la 4.8, kisha uielekeze kwenye folda ya nyimbo zako. MP3 itazichukua zote. Tumia waya wake wenyewe. Ule wa iPod za zamani unafanana nao kwa macho tu, usiulazimishe utavunja tundu.

Ukishaelewa kufuli hilo, umeshalijibu nusu ya swali lako la pili.

Zune iliingia madukani Marekani tarehe 14 Novemba 2006 kwa dola 249.99. iPod ya 30GB wakati huo ilikuwa dola 249. Bei moja, ujazo mmoja, lakini Zune ilikuwa na kioo cha inchi 3 wakati cha mwenzake kilikuwa inchi 2.5, ilikuwa na redio ya FM ndani, na ilikuwa na Wi-Fi. Ukiziweka mezani pamoja, mgeni anashinda. Ila iPod ilikuwa sokoni tangu 2001 na duka la iTunes tangu 2003. Watu walikuwa wamenunua nyimbo humo kwa senti 99 kila mmoja, nazo zilikuwa zimefungwa zisipige kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kuhamia Zune kulikuwa na maana ya kuziacha nyimbo ulizolipia na kuanza upya.

Kwa hiyo Zune ilihitaji kitu kimoja ambacho iPod haikuwa nacho, na kwa kweli ilikuwa nacho: ungeweza kumrushia wimbo mwenzako mwenye Zune hewani, bila waya. Hapo ndipo walipojifunga wenyewe. Wimbo uliorushiwa ulidumu siku 3, au uusikilize mara 3, basi, unakataa kupiga. Hata kama ni wimbo ulioutunga na kuurekodi mwenyewe nyumbani. Wi-Fi hiyohiyo haikuweza hata kuleta nyimbo kutoka kwenye kompyuta yako. Hilo lilikuja mwaka uliofuata. Miaka hiyo huku kwetu tulikuwa tunarushiana nyimbo kwa Bluetooth kwenye simu za kawaida, na wimbo ukishaingia ni wako.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kabla ya Zune, Microsoft ilikuwa na alama yake, PlaysForSure, ikiwaahidi watu kwamba wimbo wenye alama hiyo utapiga kwenye mashine za kampuni nyingi. Zune ilipotoka, ikazikataa nyimbo hizo. Waliokuwa wameikataa iPod na kubaki na Microsoft ndio waliofungiwa mlango wa kwanza. Mteja wa namna hiyo ukimpoteza, utampata wapi mwingine? Zune HD ya 2009, yenye kioo cha kugusa, ilikuwa kazi nzuri mno, lakini tayari watu walikuwa wanasikilizia muziki kwenye simu. Mwaka 2011 utengenezaji ulisimama, na huduma zikazimwa Novemba 2015.

Sasa lile la kuganda: mjomba wako hakukudanganya. Tarehe 31 Desemba 2008 Zune za 30GB ziligoma kuwaka kwa pamoja. Ndani kuna programu ndogo ya saa inayohesabu siku kuanzia 1980, kisha inatoa mwaka mmojammoja: 365 kwa mwaka wa kawaida, 366 kwa mwaka mrefu, mpaka zibaki siku zisizozidi 365. Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, na siku ile ilikuwa ya 366. Programu ikaona 366 ni zaidi ya 365, ikaendelea kuhesabu. Ikauliza, je, zimezidi 366? Hazijazidi, kwa hiyo haikutoa kitu. Ikarudi mwanzo, ikaona tena 366, na hivyo hivyo bila kikomo. Aliyeiandika alisahau siku moja tu, na siku hiyo hutokea mara moja kwa miaka minne. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuiacha betri iishe kabisa, kisha kuichaji tarehe 1 Januari baada ya saa 6 mchana kwa saa za GMT, ambayo kwetu ni saa 9 alasiri.

Kama yako bado ina programu ya ndani ya wakati ule, inaweza kukufanyia hivyo tarehe 31 Desemba 2028. Ikitokea usiifungue wala usiipeleke kwa fundi. Iache mpaka kesho yake.