Pesa ya serikali ilikuwemo

Hapana bwana, si kweli kwamba SpaceX, kampuni ya roketi ya Elon Musk, walishusha bei ya roketi bila senti ya serikali. Mwaka 2006 NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, iliwaingiza kwenye mpango wa COTS, wa kusaidia kampuni binafsi kuunda vyombo vya kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga za juu, ikawa inawalipa kwa hatua, kama fundi wa nyumba kule Kisauni: msingi umeinuka, chukua chako, linta imefungwa, chukua tena. Desemba 2008 ikawapa kandarasi ya dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za mizigo, na Falcon 9, roketi yao ya kazi hiyo, ilikuwa haijaruka hata mara moja! Ila Falcon 1, roketi yao ya mwanzo, hiyo nyingi ilikuwa pesa ya Musk mwenyewe.