Jina pekee halitoshi: kwa wanaoanza kujifunza lugha za programu

Kila vijana wa atachimenti wanapoingia ofisini kwetu hapa Kisumu, wengi wao kutoka Maseno, Bondo na Kakamega, jambo hili nawaambia mapema kabla hawajagusa kazi ya mteja: usiamini jina la lugha ya programu mpaka ujue imetoka wapi. Leo nawaandikia nyinyi mnaojifunza peke yenu, maana nyinyi ndio mnaoumia zaidi. Hamna mhadhiri wa kuwarudisha njiani, na bando mliyonunua kwa pesa za mfukoni huisha mkipakua kitu ambacho hamkukihitaji.

Kwamba Java na JavaScript ni lugha mbili tofauti wengi mmeshaonywa, kwa hiyo sitakaa hapo. Zote mbili zilitangazwa mwaka 1995. Java ilitoka Sun Microsystems kwa James Gosling na wenzake. JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich pale Netscape, ikaitwa Mocha, kisha LiveScript, na mwisho wa mwaka ikapewa jina la sasa wakati Java ilikuwa inavuma. Ukitafuta mfano wa kuunganisha duka na M-Pesa utakuta wa Java na wa JavaScript. Ukiona System.out.println, hiyo ni Java. Ukiona console.log, hiyo ni JavaScript. Na tangazo la kazi likisema "Java" huku maelezo yote yanahusu vitufe na fomu za kurasa za wavuti, piga simu uulize kabla ya kutuma maombi. Anayeuliza hivyo huonekana anajua kazi.

Shida yenyewe iko kwa lugha ndogo, zile ambazo jirani yake mwenye jina kubwa amezifunika. Mfano ninaoupenda ni Go. Francis McCabe na Keith Clark walieleza lugha yao mwaka 2003, wakaiita Go!, yenye alama ya mshangao. Ni lugha ya mantiki, yaani unaipa kompyuta ukweli na kanuni nayo inatafuta jibu, ya ukoo wa lugha iitwayo Prolog. Novemba 2009 Google nao wakatoa lugha yao, kazi ya Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, wakaiita Go. McCabe aliandika kwenye orodha ya hitilafu ya mradi huo, hoja namba 9, kwamba jina hilo alikuwa ameshalitumia. Watu wengi walimuunga mkono. Karibu mwaka mmoja baadaye hoja ilifungwa, jina likabaki. Mimi naona alistahili kusikilizwa zaidi, maana mtu aliyechapisha kazi yake mapema ana haki ya jina hata kama hana kampuni nyuma yake. Lakini kwako mwanafunzi funzo ni la vitendo. Injini nyingi za utafutaji hazijali alama ya mshangao, kwa hiyo makala ya zamani kuhusu Go! inaweza kukujia ukiwa unatafuta Go ya Google. Andika "golang" unapotafuta. Jina hilo lilishika kwa sababu tovuti ya mwanzo ilikuwa golang.org.

Swift nayo ni hivyo hivyo. Ile ya Apple ilitangazwa Juni 2014. Kabla yake kulikuwa na Swift nyingine, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na maabara ya Argonne, ya kuendesha programu nyingi kwa wakati mmoja kwenye kompyuta kubwa. Ukisoma makala ya kisayansi ya mwaka 2011 inayosifu Swift, haizungumzii simu za iPhone.

Kuna mkanganyiko mwingine usioonekana kwenye jina la lugha bali kwenye jina la faili. Umepewa faili inayoishia na .pl. Ni Perl au Prolog? Perl ni ya Larry Wall, 1987. Prolog ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na wenzake. Zote hutumia .pl. Anayeanza huiendesha faili ya Prolog kwa Perl, anarushiwa makosa ya sintaksia (kanuni za uandishi wa lugha), anafuta Perl na kuisakinisha upya, na makosa yanarudi. Ifungue kwanza kwa kihariri cha kawaida usome mistari michache. Ukikuta hivi:

mzazi(akinyi, otieno).
nyanya(X, Z) :- mzazi(X, Y), mzazi(Y, Z).

hiyo ni Prolog. Kila sentensi inafungwa kwa nukta, na ile alama :- haiwezi kukupotosha. Ukikuta hivi:

my $jina = "Akinyi";
print "Habari $jina\n";

hiyo ni Perl. Alama ya dola mbele ya jina inatosha. Ila jihadhari na asilimia: katika Prolog % huanzisha maelezo ya mwandishi ambayo kompyuta huyaruka, lakini katika Perl hutangulia jina la aina fulani ya kigezo, yaani jina linalohifadhi data. Faili za .m nazo zisome vivyo hivyo, maana zinaweza kuwa za Objective-C, MATLAB au Mercury.

Lugha za herufi moja zina taabu zake. R ya takwimu ilianzishwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman, ikifuata S ya John Chambers wa Bell Labs. Zipo pia J, K na Q, halafu Q# ya Microsoft ya kompyuta za kwantamu, ambayo haihusiani na Q. Hapa tafuta kwa jina la lugha pamoja na la aliyeitunga au kazi yake, la sivyo utaletewa kila kitu chenye herufi hiyo. Na ukikuta kitabu cha Perl 6, jua kwamba tangu 2019 lugha hiyo inaitwa Raku.

Unapoomba msaada kwa kikundi, taja lugha, toleo lake, mfumo wa kompyuta yako, na ubandike kosa lote kama lilivyo. "Nina shida na C" inaweza kuwa C, C++ au C#, na anayetaka kukusaidia atalazimika kukuuliza upya.

Majina ya maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ambao unauongeza kwenye programu yako, ndiyo ya kuogopa kabisa, kwa sababu huko mfanano wakati mwingine ni mtego. Mwaka 2019 kwenye hazina ya mtandaoni ya maktaba za lugha ya Python iligunduliwa maktaba iliyoitwa jeIlyfish, ambapo l ya kwanza ilikuwa I kubwa. Ilikuwa inaiba funguo za siri za watumiaji. Kwa macho tu huwezi kuitofautisha na jellyfish halisi kwenye maandishi mengi. Kwa hiyo amri ya kusakinisha uinakili kutoka ukurasa wa mradi wenyewe, usiitoe kwenye ujumbe wa WhatsApp, na angalia nani anaitunza kabla ya kuiruhusu iingie kwenye mashine yako.