Maswali ya Wasomaji: Msimulizi Anayekiri Kwamba Hajui

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Sisi ni wasomaji wachache wa hapa Lamu ambao hukutana baada ya sala ya Isha kuzungumza juu ya vitabu. Hivi karibuni tulimaliza riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Desertion, na mpaka sasa hatujaafikiana. Sehemu ya kwanza inasimuliwa kana kwamba msimulizi anajua kila kitu, hata fikira za watu walioishi mwaka 1899. Kisha, hadithi ikiwa imekwisha kutushika, anajitokeza mtu anayesema “mimi”, naye anatuambia kwamba hajui ilikuwaje Rehana na yule Mwingereza wakapendana. Baadhi ya wenzangu wanasema tumedanganywa: ikiwa hakujua, mbona alisimulia? Mimi nahisi pana jambo hapo, ila nashindwa kulieleza. Je, msimulizi wa namna hii anatusaidia kuelewa au anatuvuruga?
Msomaji wa Mkomani, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu msomaji. Kwa ajili ya wale ambao hawajaisoma, riwaya hii ilitoka mwaka 2005, na inaanza alfajiri moja katika mji mdogo wa pwani hii yetu, upande wa Mombasa. Hassanali, mwenye duka, ametoka kwenda msikitini, na kabla hajafika anatokewa na Mzungu aliyechoka hoi, ambaye anaanguka miguuni pake. Mzungu huyo, Martin Pearce, anachukuliwa nyumbani kwa Hassanali, na huko ndiko yanakoanzia mapenzi yake na Rehana, dada wa mwenye nyumba. Zaidi ya nusu karne baadaye, Zanzibar, kijana Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana, na wazazi wake Amin wanayakataa mapenzi hayo. Anayetusimulia yote ni Rashid, mdogo wake Amin, ambaye anaishi Uingereza.

Hamkudanganywa, nami nasema hivyo kwa sababu kitabu kinatoa onyo lake katika mistari ya mwanzo kabisa. Tunaambiwa kwamba palikuwa na kisa cha jinsi mgeni yule alivyoonekana mara ya kwanza, na kwamba kwa hakika visa vilikuwa zaidi ya kimoja, ila vilichanganyika kadiri siku zilivyopita na watu walivyozidi kuvisimulia. Hayo ni maneno ya mtu aliyesikia, si ya mtu aliyeshuhudia. Wengi wetu tunayapita upesi, kwa kuwa mara tu baada yake tumo njiani na Hassanali gizani, tunaona hofu yake, na tunasahau kuuliza ni nani aliyeyaleta maneno haya mpaka kwetu.

Nawaomba muangalie mahali hasa anaposimama Rashid na kusema hajui. Hakusimama alipomweleza Hassanali, wala alipoingia katika mawazo ya Frederick Turner, afisa wa serikali ya kikoloni, mambo ambayo hakuweza kuyajua kwa yakini hata kidogo. Anasimama kwenye kizingiti cha mapenzi ya Rehana na Pearce, anapotakiwa kueleza hatua ya kwanza ilichukuliwaje na nani alimwambia mwenziwe nini, na hapo anakiri kwa huzuni kwamba hawezi hata kulikisia. Kwa nini iwe hapo? Kwa sababu hapo ndipo waliojua walipofunga vinywa vyao. Mzungu aliyeokotwa alfajiri ni kisa cha barazani, ambacho watu hukisimulia miaka na miaka bila kuona haya. Mwanamke Mwislamu wa zama zile kuishi na Mzungu ni jambo ambalo halihadithiwi mbele ya wajukuu. Hunong'onwa, na likitoka hadharani hutoka kama tusi. Ndiyo minong'ono hiyo hiyo inayomfikia Jamila baadaye na kuwafanya wazazi wa Amin wamwone hafai kuolewa na mtoto wao. Kama Gurnah angetumia msimulizi maizi, anayeona mpaka ndani ya vyumba, pengo hilo lingezibwa kwa ukurasa mzuri wa mapenzi, nasi tusingetambua kamwe kwamba kimya ndicho kilichowaumiza watu hawa vizazi viwili.

Waliosoma madrasa wanajua desturi ya kuuliza habari imepokewa kutoka kwa nani. Habari za Rehana zinapitia kwa mjukuu wake Jamila, kisha kwa Amin, ndipo zikamfikia Rashid, na kila mpokezi ana jeraha lake. Wenzako wanaosema kwamba asiyejua asisimulie ningependa wafikirie Habari za Pate, yaani tarikhi ya kale ya watawala wa Pate, maana ni za hapo hapo visiwani kwenu. Hati ya asili ilipotea Waingereza walipoushambulia Witu mwaka 1890, na nakala tunazozisoma leo chanzo chake ni kumbukumbu ya Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa watawala hao, nazo hazilingani kila mahali. Hakuna mtu wa Lamu anayezitupa kwa sababu hiyo. Tunazisoma huku tukijua kwamba ni kumbukumbu ya mtu, na ujuzi huo unatufanya tuzisome kwa uangalifu zaidi.

Kuna faida nyingine ambayo nimeiona niliporudia sehemu ya kwanza baada ya kumaliza kitabu, na nawasihi mfanye vivyo hivyo. Sura ya Frederick, ambayo mwanzoni ilionekana kuwa ni maelezo tu ya Mwingereza na kazi yake, inageuka. Kwa muda mrefu watu wa dola ndio waliokuwa wakiandika yale waliyodhani yamo vichwani mwetu. Hapa kijana wa Kizanzibari ndiye anayejaribu kuingia katika kichwa cha mtu wa dola, tena bila kumdhalilisha.

Katika Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, “mimi” ya msimulizi wake, Kazimoto, hutuzungushia ukuta, tukawa hatuna pa kuiona dunia ila kupitia machungu yake. “Mimi” ya Rashid inakuja kwa kuchelewa, na ikija inatuonyesha wazi ujuzi wake unaishia wapi. Isitoshe, Rashid si hakimu aliyekaa pembeni. Anasimulia habari za wanaume walioondoka na kuwaacha watu nyuma, hali yeye mwenyewe aliondoka kwenda kusoma, Mapinduzi ya Januari 1964 yakamkuta ughaibuni, na miaka ikapita asirudi. Tukilijua hilo, huruma anayowapa wengine tunaisikia pia kama kilio cha mtu anayejihesabia deni.

Lipo jambo moja linaloniuma. Kuelekea mwisho Amin anapewa nafasi ya kusema “mimi” kupitia daftari lake, na kurasa hizo ni miongoni mwa zilizonigusa zaidi. Rehana hapewi, wala Jamila. Natamani ningesikia hata ukurasa mmoja wa kinywa cha Rehana. Lakini msimulizi aliyekwisha kukiri kwamba hajui hawezi kuughushi ukurasa huo na bado tukamwamini, na hata angeuandika, ingekuwa tena sauti ya mwanamume iliyovaa buibui. Kwa hiyo hasara hiyo inabaki kuwa hasara, na nadhani mwandishi alitaka ituume.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi hapa Malindi. Je, Rashid ndiye Gurnah mwenyewe? Katika insha niandike “mwandishi anasema” au “msimulizi anasema”?
Mwanafunzi, Malindi

JIBU: Usiwachanganye, mwanangu. Ni kweli kwamba wote wawili ni Wazanzibari walioishia Uingereza, lakini Rashid aliondoka kabla ya Mapinduzi, ilhali Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948, alikuwa bado kijana Zanzibar yalipotokea, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo andika “Rashid anakisia” au “Rashid anakiri” kila unapozungumzia yale yanayosemwa ndani ya hadithi. Jina la Gurnah liweke pale unapozungumzia uamuzi wa utunzi, kwa mfano uamuzi wa kuichelewesha “mimi” mpaka tumeshamzoea Hassanali na dada yake, na hapo ueleze uamuzi huo ulibadilisha nini katika usomaji wako.