Sorveya na kuchimba udongo Nyamasaria: utenge pesa vipi

Ndugu, umeuliza utenge ngapi kwa sorveya na kazi ya udongo kwenye ploti yako Nyamasaria, Kisumu. Sorveya ni rahisi: mwite mwenye leseni, akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mpaka wa ploti, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simiti, na mkubaliane bei ya kazi nzima, usafiri wake ukiwemo. Fundi akikuambia ua wa jirani unatosha kuwa mpaka, mkatalie.

Pesa italiwa na udongo. Huko Nyamasaria, kwenye uwanda wa Kano, ni ule mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na hauwezi kukaa chini ya sakafu. Chimba kwanza mashimo mawili matatu kwa jembe ujue mweusi unaishia kina gani. Malipo ya vibarua wa kuchimba mashimo hayo ni bei ndogo sana kwa jibu hilo.

Tuseme nyumba ni mita 9 kwa 12 na mweusi una kina cha mita 1. Hizo ni mita 108 za ujazo ardhini, lakini udongo ukichimbwa hufura, kwa hiyo hesabu kama 140 za kubeba. Lori la mita 10 za ujazo litaenda safari 14. Halafu maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, ya kujazia shimo nayo hushuka ikishindiliwa, kwa hiyo agiza zaidi ya ujazo wa shimo.

Uliza bei kwa safari, na upime bodi ya lori mwenyewe. Tena fanya kiangazi, maana masika lori litakwama na bekoo, mashine ya kuchimba, hulipwa kwa saa hata ikisubiri.