Sysprep inagoma na templeti ni nzito, nianzie wapi?

SWALI: Assalam aleikum kaka. Mimi ndo mtu wa kompyuta kwa ofisi moja ya kliaringi huku Shimanzi, tuna watu 18 wanaotumia deskitopu za kwenye seva, seva yenyewe ni moja, ya Proxmox (programu ya kuendesha mashine nyingi za kubuni ndani ya seva). Nimetengeneza templeti mpya ya Windows 11, yaani mashine mama ya kunakilia zingine, nikapiga skripti moja ya mtandaoni ya kupunguza uzito ikafuta vitu kibao, sasa Sysprep, kile kifaa cha Windows cha kuiandaa mashine inakiliwe, kila nikiiendesha inakataa, inasema haikuweza kuhakiki Windows. Na zile mashine za sasa ikifika saa mbili asubuhi zinakwama zote mpaka watu wanatoka nje kunywa kahawa. Nisaidie.

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Tuanze na Sysprep manake ndo imekukaba. Huo ujumbe wenyewe haukwambii kitu, wewe ingia C:\Windows\System32\Sysprep\Panther ufungue setupact.log, shuka mpaka chini, hapo utakuta mstari wenye jina refu la programu ya Microsoft Store, unasema imewekwa kwa mtumiaji mmoja lakini haikuwekewa watumiaji wote. Nina hakika nusu ya hiyo ni kazi ya skripti yako, imetoa programu upande mmoja ikaacha upande mwingine, na nusu ni Store yenyewe, ukiiachia intaneti inajiapdeti kimyakimya kwa akaunti uliyoingilia na basi, Sysprep haitaki tena. Nakili lile jina kama lilivyo, fungua PowerShell kwa nguvu za admini, piga Remove-AppxPackage -AllUsers -Package ukifuatisha na hilo jina, kisha Get-AppxProvisionedPackage -Online uone kama bado imo kwenye orodha, ikiwemo itoe kwa Remove-AppxProvisionedPackage. Rudia Sysprep. Ikilalamikia nyingine, toa na hiyo. Na uangalie manage-bde -status pia, manake Windows 11 tangu 24H2 (toleo la 2024) yapenda kujiwashia BitLocker, ufungaji wa diski kwa siri (encryption), na Sysprep ikikuta iko on haiendi popote, izime kwanza, usubiri imalize kufungua diski yote.

Sasa hayo ni ya kuzima moto tu. Ningekuwa mimi hiyo templeti ningeitupa nianze upya, kwa sababu hujui skripti imegusa nini na utakuja kujua siku ambayo bosi yuko nyuma ya kiti chako.

Ukianza upya mashine ipe diski ya VirtIO SCSI (VirtIO ni vifaa vya kubuni vyenye kasi) na discard ukiwasha ili seva irudishiwe nafasi iliyofutwa, kadi ya mtandao ya VirtIO, TPM 2.0 (chipu ya usalama), na intaneti uiache imekatwa. Windows ikifika pale pa kukuuliza nchi na kibodi usijibu, bonyeza Ctrl+Shift+F3, itakuingiza kwenye audit mode, hali ya kuiandaa mashine, bila kutengeneza akaunti ya mtu. Weka draiva za VirtIO na QEMU guest agent, kijiprogramu cha kuiwezesha Proxmox kuwasiliana na mashine. Halafu kabla hujarudisha intaneti, kwenye rejista chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\WindowsStore weka AutoDownload iwe 2, hiyo yaizuia Store kujiapdetia, ndo sasa unaweza kushusha apdeti za Windows zote, ofisi, brauza, na programu zenu za kazi. Domeni (mtandao wa ofisi wenye akaunti za watu wote) usiijoini bado, Sysprep itakutoa tu.

Kupunguza uzito je? Wengi hapa wanazidisha. Wanaona huduma 200 wanataka zibaki 40, wanazima Windows Search halafu watu wanalia kutafuta barua kwenye Outlook hakuendi, wengine wanazima hata Print Spooler, na ofisi ya kliaringi bila printa ni sawa na muuza samaki bila barafu. Toa michezo na zile programu za Store zisizo na kazi, zima hibernation kwa powercfg /h off, toa animesheni, zima apdeti za moja kwa moja kwenye kloni, yaani nakala za templeti, kwa sababu apdeti utakuwa waziweka kwa mama yao. Ukitaka kifaa cha kukusaidia tumia Virtual Desktop Optimization Tool, iko wazi kwa GitHub, lakini fungua mafaili yake ya mipangilio (JSON) usome kila kinachozimwa kabla hujabonyeza chochote. Kuna ile kazi ya ratiba ya ScheduledDefrag, kila mtu husema izime, sawa, ila hiyo hiyo ndo inayoiambia seva nafasi gani imeachwa wazi, kwa hivyo kabla ya kufunga piga mwenyewe Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim, ukishamaliza DISM ya StartComponentCleanup na ResetBase, ile ya kufagia mafaili ya apdeti za zamani. Baada ya ResetBase apdeti zilizomo hazitoleki tena, ujue hilo.

Hiyo saa mbili asubuhi kwa maoni yangu haihusu templeti sana. Mashine 18 zinawaka kwa pamoja, kila moja inashusha data mpya ya antivairasi, kila moja inatafuta apdeti, diski ni ile ile moja. Ziwashe kabla watu hawajafika, kwa kupishana, na antivairasi iapdeti na kuskani diski nzima kwenye templeti kabla hujaifunga. Profaili za watu zitoe nje ya kloni, FSLogix, kifaa cha Microsoft, huziweka kwenye VHDX (faili la diski ya kubuni) kwa fail seva, ndo utaweza kuzifuta kloni na kuzijenga upya bila mtu kupoteza kitu.

Kuhusu laiseni hukuuliza lakini itakuuma: KMS, ile seva ya ofisi ya kuaktivetia laiseni, haiaktiveti Windows ya deskitopu mpaka ihesabu mashine 25, nyinyi mko 18, kwa hivyo tumia uaktivetishaji wa Active Directory (mfumo wa domeni), haina hesabu hiyo.

Kufunga piga sysprep /generalize /oobe /shutdown /mode:vm, ila hiyo /mode:vm ni kama kloni zitakaa kwa Proxmox hiyo hiyo. Ikishazima usiiwashe tena. Na kabla hata hujaendesha Sysprep tengeneza full clone uiweke pembeni, hiyo ndo utakayorudi kuipa apdeti mwezi ujao, manake Proxmox ukishageuza mashine kuwa templeti haiwashwi tena. Kisha toa kloni mbili tu, moja mpe yule anayeprinti zaidi na nyingine yule anayefungua tabu 30 kwenye brauza, wafanye kazi wiki nzima, ndo uwape wengine.