Kabla Hujatengeneza Chanjo ya Brusela, Jibu Swali la Daktari wa Mifugo

Nilipokuwa mtafiti mchanga, niliwahi kuwaeleza madaktari wa mifugo matokeo ya chanjo ya majaribio dhidi ya brusela, ugonjwa ambao wafugaji wengi huuita ugonjwa wa kutupa mimba, na ambao humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi, majimaji ya uzazi na kondo la nyuma la mnyama aliyeambukizwa. Nilikuwa na michoro iliyoonyesha kwamba panya waliochanjwa walibaki na bakteria wachache mno katika wengu kuliko wenzao wasiochanjwa, nami niliamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Mzee mmoja aliyeketi safu ya nyuma, ambaye alikuwa ametumia miaka mingi kupima damu ya ng'ombe, alinyoosha mkono akaniuliza: "Mwanangu, ukishawachanja ng'ombe, nami nikaja kuwapima mwakani, nitamtambuaje mgonjwa na nitamtambuaje aliyechanjwa?" Sikuwa na jibu. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku hiyo, na ushauri wangu wa kwanza kwa kijana yeyote anayeingia katika utafiti wa chanjo ya brusela ni huu: lipatie swali hilo jibu la maandishi kabla hujagusa hata panya mmoja.

Swali la mzee yule lina historia ndefu. Mwaka 1923, John Buck, mtafiti wa Marekani, alipata bakteria wa brusela kutoka katika maziwa ya ng'ombe wa aina ya Jersey, na baada ya bakteria hao kukaa zaidi ya mwaka katika joto la kawaida la chumba, ikaonekana kwamba ukali wao umepungua. Ndipo ilipotoka chanjo hai ya S19, ambayo iliwakinga ng'ombe wengi sana. Kasoro yake ni kwamba bakteria wa S19 wamefunikwa na mnyororo uleule wa sukari walio nao bakteria wa ugonjwa, na vipimo vya kawaida vya damu, kama kile cha Rose Bengal, hutafuta kingamwili dhidi ya mnyororo huo. Kwa hiyo ng'ombe mzima aliyechanjwa anaweza kupimwa, akaonekana mgonjwa, na pale penye mpango wa kuutokomeza ugonjwa akapelekwa kuchinjwa bure. Ndiyo maana S19 huchomwa ndama jike wa umri wa miezi 3 hadi 8, ili kingamwili zao zipungue kabla hawajakua na kupimwa.

Chanjo ya RB51, iliyoanza kutumika rasmi Marekani mwaka 1996, ilitatua tatizo hilo kwa njia ninayoistahi sana: bakteria wake wamepoteza mnyororo ule wa sukari, hivyo vipimo vya kawaida haviwaoni. Lakini faida hiyo ina gharama yake. Binadamu akiambukizwa na RB51, vipimo hivyohivyo vya damu havitamwona naye, na bakteria hao hawasikii dawa ya rifampisini, ambayo ni miongoni mwa dawa za kawaida za brusela. Mwaka 2017 walipatikana Marekani watu walioambukizwa RB51 kwa kunywa maziwa mabichi. Swali la mzee, basi, lina nusu ya pili, nayo ni ya daktari wa hospitali: mtu akiugua kwa chanjo yako, atagunduliwa kwa kipimo gani na atatibiwa kwa dawa ipi?

Mara nyingi vijana huniuliza kwa nini tusiwachanje watu moja kwa moja. Zimewahi kuwapo chanjo hai za binadamu, 19-BA katika Umoja wa Kisovieti na 104M nchini China, lakini hazikuenea kwingine, kwa kuwa zilikuwa na madhara, hasa kwa mtu ambaye mwili wake ulikwisha kukutana na bakteria hao. Zaidi ya hapo, brusela haipiti kirahisi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu; chemchemi yake ni mnyama. Katika kisiwa cha Malta, ambako David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliwapata bakteria hao mwaka 1887 katika wengu wa askari wa Uingereza waliokufa, ilichukua karibu miaka 20 hadi Themistocles Zammit, daktari wa Malta, alipogundua mwaka 1905 kwamba mbuzi walioonekana wazima kabisa ndio waliokuwa na maambukizi. Askari walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, wagonjwa walipungua upesi. Kwa sababu hiyo nakushauri uanze na mbuzi, kondoo au ng'ombe, na uchague mapema ni yupi kati yao, kwa kuwa chanjo inayomfaa mmoja si lazima imfae mwingine.

Jambo linalowapotosha watafiti wengi wapya ni wingi wa kingamwili. Mtu huchukua protini moja ya bakteria, akaichanganya na dawa ya kuamsha kinga, akamchoma panya, na baada ya wiki chache damu ikajaa kingamwili kiasi cha kumfurahisha yeyote. Bakteria wa brusela, hata hivyo, huingia ndani ya makrofaji, yaani seli zilezile zinazotumwa kuwala, wakaishi na kuzaliana humo, mahali ambapo kingamwili haziwafikii. Kinachohitajika ni kinga ya seli, yaani seli za mwili zinazoweza kuwaua bakteria waliojificha ndani ya seli nyingine, na mpaka sasa chanjo hai zilizodhoofishwa ndizo zilizoiamsha vizuri zaidi kuliko zile zilizouawa. Pima interferoni ya gama, yaani protini ambayo seli za kinga huitoa zinapoamshwa, hesabu bakteria waliobaki katika viungo, na usiandike neno "kinga" kwenye ripoti yako kwa sababu ya kingamwili peke yake.

Panya naye ana mipaka yake. Kikundi chetu kiliahirisha jaribio la majike wenye mimba hadi mwaka wa tatu, kwa kuwa ni la gharama na linahitaji banda maalumu la kutenga wanyama. Alfajiri moja niliingia bandani nikamkuta mbuzi amesimama kwenye kona, mkia ameunyanyua, utando unaning'inia nyuma yake, na chini kwenye nyasi kavu kijusi kimelala, kimelowa, masikio yamegandamana na kichwa. Mbuzi huyo alikuwa bado hajapewa bakteria wa ugonjwa. Alikuwa amepewa chanjo tu. Tukiwa tumevaa barakoa na glavu mbili mbili, tulikiokota kijusi pamoja na kondo, tukachukua majimaji ya tumbo lake na kuyapanda kwenye sahani za maabara, na siku nne baadaye yakaota makundi madogo ya bakteria, ya mviringo, yanayong'aa. Yalikuwa ya aina yetu wenyewe, tuliyokuwa tumeidhoofisha kwa miaka miwili na kuisifu kwa upole wake ndani ya panya. Kondo la mbuzi na la ng'ombe lina sukari ya erithritoli ambayo bakteria hao huipenda, na panya wetu hawakuweza kutuonyesha hilo. Hata S19 na Rev.1, chanjo ya mbuzi na kondoo iliyoelezwa na Elberg na Faunce mwaka 1957, zinaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Jaribio la majike wenye mimba lifanyike katika mwaka wa kwanza, hata kama ni kwa wanyama wachache, kwa kuwa ndilo litakalokuambia kama una sababu ya kuendelea.

Usalama wako wewe mwenyewe nao uwe sehemu ya usanifu wa chanjo. Brusela ni miongoni mwa magonjwa ya bakteria yanayowapata wafanyakazi wa maabara mara nyingi zaidi, kwa kuwa bakteria wachache tu wakivutwa kwa pumzi hutosha kumwambukiza mtu. Mimi nilipatwa zizini, nilipokuwa nikichanja mbuzi kwa Rev.1: mnyama aliruka, sindano ikapita kwenye glavu na kuingia katika kidole gumba changu cha kushoto. Nilinawa kwa sabuni na maji mengi, nikatia mfukoni chupa tupu ya chanjo, nikaenda hospitali nayo. Chupa ile ndiyo iliyonifaa, kwa sababu Rev.1 ni sugu kwa streptomisini, na daktari aliyesoma jina lake alijua mara moja dawa ya kuiacha. Nilimeza doksisaiklini na rifampisini kwa wiki tatu na kupimwa damu mara kadhaa katika miezi iliyofuata. Ukiwa unatengeneza aina mpya ya bakteria, usiipandikize usugu kwa dawa ambayo mchanjaji aliyejichoma atahitaji kutibiwa nayo, hata kama usugu huo unakurahisishia kazi ya maabara.

La mwisho linahusu dozi. Dozi kamili ya Rev.1 huwa karibu bakteria hai bilioni 1, na neno la kuliangalia hapo ni "hai". Katika jaribio mojawapo, kundi la mbuzi waliochanjwa lilionyesha mwitikio hafifu kiasi kwamba tulikaribia kuiacha chanjo yenyewe. Kwa bahati nilikuwa nimeweka utaratibu wa kurudisha maabara mabaki ya kila bomba la sindano, kuyapanda na kuhesabu makundi yaliyoota. Bomba la asubuhi ya kwanza lilikuwa sawa. Mabomba yaliyofuata hayakuotesha karibu chochote. Nilimuuliza msaidizi wetu, kijana mwangalifu na msafi kuliko sote, alivyokuwa akiyaandaa, akanieleza kwamba kila alipomaliza zizi moja aliyasuuza mabomba kwa spiriti kabla ya kuyajaza tena. Alikuwa akiua chanjo kwa nia njema, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ndani ya chupa mna viumbe hai. Tuliandika maelekezo upya, tukanunua mabomba ya kutumia mara moja, tukaanza na kundi jipya la mbuzi, na safari hii nilimkabidhi yeye zile sahani azihesabu mwenyewe.