Beringi za nyuma kwenye Honda ATC ya zamani

Mkuu umeuliza kama kwenye Honda ATC yako, ile pikipiki ya matairi matatu, inatosha kupampu grisi kwenye nipeli (kile kichuchu cha kuingizia grisi) bila kufungua. Hapana, kupampu peke yake hakutoshi, lazima ufungue mkono wa nyuma, yaani ule mkono wa chuma unaoshika ekseli ya nyuma na kupanda na kushuka. Beringi za pale unapojishika kwenye fremu mara nyingi ni za sindano, yaani zina vijiti vyembamba vya chuma badala ya gololi, na hazizunguki mzunguko mzima kama za tairi. Zinayumba kidogo tu mbele na nyuma, kwa hiyo grisi mpya inapita upande uliolegea na ile kuukuu iliyoganda na vumbi inabaki palepale. Kwa vumbi hili letu la Dodoma ndiyo kabisa, likichanganyika na grisi linasaga chuma. Mimi hizi ndizo kazi zangu, na nyingi nazozifungua zinakuwa zimekauka upande mmoja, kutu tupu.

Osha kwa mafuta ya taa, kausha, halafu pitisha ukucha juu ya ile bushi ya chuma inayoingia ndani ya beringi. Ukucha ukikwama kwenye mistari, badilisha bushi na beringi kwa pamoja. Beringi mpya juu ya bushi iliyochimbika haidumu. Fungua taratibu, maana nyingine sindano zake hazina kishikizo, zinamwagika chini. Za kununua nenda na ile ya zamani dukani, namba huwa imechongwa ubavuni.

Sili, zile pete za mpira za kuzuia maji na vumbi, usizirudishe kama zimekakamaa. Na tafadhali, mashine ya kuoshea magari usiielekeze pale, maji yanapenya sili yakakaa ndani.

Kama ukiusukuma mkono wa nyuma kushoto kulia hauchezi na haulii, na ukucha haukwami kwenye bushi, safisha na paka grisi tu, usinunue beringi.